Kiti Chenye Namba

Mwaka 1859 kiwanda kimoja cha Moravia, eneo lililokuwa chini ya dola ya Austria, kilitoa kiti ambacho hakikupewa jina. Kilipewa namba tu, 14. Kilikuwa na vipande sita vya mbao iliyopindwa, skrubu kumi na nati mbili, na kikalio chake kilikuwa wavu wa henzirani. Kikifunguliwa kiligeuka furushi la fito, na mafurushi 36 yalienea katika sanduku la mita moja ya ujazo. Sanduku liliposhushwa bandarini au stesheni, mtu yeyote mwenye bisibisi aliweza kuviunganisha viti vyote bila kumwita seremala.

Historia ya samani za hoteli na mikahawa husimuliwa kwa kawaida kama historia ya mitindo: leo mbao, kesho chuma, keshokutwa rangi ya majivu. Msimulizi wa namna hiyo hukitazama kiti kwa jicho la mgeni aliyekuja kula. Mnunuzi ana jicho jingine. Mwenye mkahawa wa meza 40 ananunua viti 160 vilivyo sawasawa, na pamoja navyo ananunua uhakika kwamba mwaka wa tano, vitakapokuwa vimevunjika ishirini, atapata ishirini vingine vya sura ileile, kimo kilekile na rangi ileile. Uhakika huo ndio bidhaa yenyewe. Hoja yangu ni kwamba kwa miaka 170 hivi kila mgeuko mkubwa wa soko hili umempa ushindi yule aliyeuza uhakika huo kwa gharama ndogo zaidi ya kusafirisha, kuhifadhi na kubadilisha. Uzuri haukukosekana, lakini ulipanda chombo kama abiria. Nahodha alikuwa mwingine.

Kabla ya namba

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki kahawa ilimfuata mnywaji. Muuzaji alipita mitaani na dele lake la shaba, makaa yakiwaka chini yake, akigonganisha vikombe ili asikike kabla ya kuonekana. Wateja walikuwa wamekwisha kukaa barazani, juu ya mawe yaliyojengwa pamoja na nyumba. Biashara ya namna hiyo haihitaji kiti hata kimoja. Kiti chenyewe kilikuwa cha heshima: kiti cha enzi, mgongo mrefu ulionyooka, kikalio cha kamba zilizosukwa, njumu za pembe zikimeta juu ya mbao nyeusi, kikiwekwa tayari kwa mgeni mwenye cheo. Fundi wa kiti hicho alisifiwa kwa kile ambacho mwenzake hakuweza kukifanya, na vitanda vya samadari vilithaminiwa kwa sababu hiyohiyo. Kumwambia fundi wa namna hiyo atengeneze mia moja vinavyofanana kungekuwa kumtusi.

Ulaya mambo yalikuwa tofauti kwa sababu moja ndogo: mnywaji ndiye aliyeifuata kahawa. Alihitaji pa kukaa, na aliyempa pa kukaa alimtoza bei ya kinywaji. Hapo kiti kiliingia katika hesabu za biashara kama birika na vikombe. Lakini hadi katikati ya karne ya 19 viti hivyo bado vilitoka kwa seremala wa mtaa, aliyechonga kila mguu kwa patasi na kuunga kwa gundi. Vilikuwa viti vizito, vilivyolegea kila mwaka, na kila cha kuongezea kilitofautiana kidogo na vya awali.

1842–1871: Mvuke, fito na orodha

Michael Thonet, aliyezaliwa mwaka 1796 katika mji wa Boppard kando ya mto Rhine, alikuwa seremala aliyekuwa akijaribu kupinda mbao badala ya kuichonga. Majaribio yalimwingiza katika madeni. Mwaka 1842 Metternich, waziri mwenye nguvu wa Austria, alimwalika Vienna, na mwaka 1849 mkahawa wa Daum wa mji huo ulinunua viti vyake. Oda hiyo moja inastahili kukumbukwa kuliko medali aliyopewa kwenye maonyesho makuu ya London mwaka 1851, kwa kuwa ndiyo iliyomwonyesha mteja wake ni nani. Nyumba moja hununua viti sita mara moja kwa kizazi, ilhali mkahawa hununua mia na kurudi.

Hataza aliyoipata mwaka 1856 ilihusu kupinda mbao nzima kwa mvuke. Ufito ulionyooka uliwekwa katika chumba cha mvuke hadi ukalegea, kisha wafanyakazi wawili wakaukunja haraka kuzunguka kalibu ya chuma kabla haujapoa. Tatizo la kale lilikuwa upande wa nje wa kona: nyuzi za mbao zinavutwa na kupasuka. Thonet aliufunga upande huo kwa utepe wa chuma, na mbao, ikikosa nafasi ya kutanuka nje, ikajibana ndani bila kupasuka. Kazi hiyo haikudai miaka saba ya uanafunzi. Watu wa vijijini, wanawake wengi wakiwamo, waliweza kuifanya wakifundishwa hatua moja moja, na viwanda vilijengwa Moravia kwa sababu hiyohiyo: misitu ilikuwa pale, na vibarua walikuwa pale.

Hata kikalio cha henzirani kilikuwa na akili ya biashara. Bia ikimwagika inapita kwenye matundu badala ya kutuama, na kikichakaa kinasukwa upya bila kugusa fremu. Lakini kwa maoni yangu uvumbuzi mkubwa kuliko mvuke ulikuwa orodha ya bidhaa: karatasi yenye picha ndogo za viti, kila kimoja na namba yake na bei yake. Mwenye mkahawa wa mji wa mbali, asiyejua Kijerumani wala jina la fundi, aliandika namba na idadi. Baada ya miaka kumi aliweza kuandika namba ileile. Kufikia mwaka 1930 namba 14 ilikuwa imeuzwa takriban nakala milioni 50.

Mtu atasema kwamba siri ilikuwa bei tu, kwani kiti hicho kilikuwa rahisi kuliko vingine. Ni kweli kilikuwa rahisi, lakini kigoda cha seremala wa kijijini kilikuwa rahisi pia, na bado hakikuvuka mpaka wa wilaya yake. Hataza ilipoisha mwaka 1869 wapinzani, J. & J. Kohn wakiwa mbele, walianza kutoa viti vilevile. Kama bei ingekuwa kila kitu, Thonet angezama. Badala yake soko zima likapanuka, maana mwenye mkahawa sasa alikuwa na wauzaji kadhaa wa sura moja, na hofu ya kukosa kiti cha kuongezea ikapungua zaidi.

1890–1939: Hema, reli na meli

Wakati Vienna ikikunja fito, jeshi la Waingereza nchini India lilikuwa na tatizo la mizigo. Kiti cha Roorkhee, kilichochukua jina la mji wenye kambi ya wahandisi wa jeshi hilo, kilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 kama jibu lake. Fito zake zilichongwa ncha na kuchomekwa matunduni bila gundi wala msumari, kikalio na mgongo vikawa turubai, mikanda ya ngozi ikawa mikono. Mwenye kukaa ndiye aliyekaza viungo kwa uzito wake, na kwenye ardhi ya mawe kila mguu ulijitafutia pa kusimama. Kikifunguliwa kilibebwa kama mwavuli.

Kiti cha namna hii kilifika Afrika Mashariki pamoja na misafara ya uwindaji. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, Hoteli ya Norfolk ikafunguliwa mwaka 1904, na mgeni aliyelala hapo kitandani kwa usiku mmoja alikwenda kukalia turubai porini kwa mwezi mzima. Mbunifu wa Denmark, Kaare Klint, alikiona kiti hicho katika masimulizi ya safari ya Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliopiga filamu za wanyama Kenya, akakitengeneza upya mwaka 1933 na kukiita kiti cha safari. Neno la Kiswahili likaingia katika maduka ya samani ya Copenhagen. Kambi za kitalii za Serengeti na Maasai Mara leo zinaagiza ndugu wa kiti hicho, na wageni hukitazama kama mapambo ya zamani, wakati kilibuniwa na watu waliohesabu ratili za mzigo wa ngamia na punda.

Ufaransa, Xavier Pauchard wa Autun alitoka kwenye kuezeka mapaa. Alikuwa amejifunza kuzuia kutu kwa kuchovya bati katika zinki iliyoyeyushwa, na mwaka 1934 akatoa kiti cha bati kilichojulikana kama Modeli A, chini ya jina la biashara la Tolix. Kilikwenda kwenye kumbi za nje za mikahawa na kwenye meli kubwa Normandie. Kikalio kina matundu ili maji ya mvua yapite, na miguu imepanuliwa kidogo ili kiti kimoja kimpakate kingine. Huku kupakatana ndiko kulikuwa habari mpya. Mita ya mraba ya sakafu ya mjini ilikuwa imeshakuwa ghali kuliko kiti kilichoikalia, na mkahawa uliofunga saa sita usiku ulitaka kiti kijikunyate hadi asubuhi.

1944–1960: Manowari, kontena na chumba 606

Mwaka 1944 kampuni ya Emeco ya Pennsylvania ilitengeneza kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani kiti cha alumini kisichoshika kutu wala moto. Kinapitia hatua 77 za mikono na mashine. Si kiti cha bei ya chini, na hilo ni jibu la pili kwa wanaoamini kwamba soko hili hukimbilia bei peke yake. Kiti hicho kiliishi baada ya vita, kikaingia magereza, hospitali na mwishowe mikahawa, kwa kuwa mnunuzi aliweza kukisahau: akikinunua mara moja hakulazimika kukifikiria tena. Mwaka 2000 mbunifu Philippe Starck alikitengenezea mdogo wake kwa ajili ya hoteli ya Hudson mjini New York.

Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Waliokuwapo bandarini huenda hawakufikiria viti, lakini sanduku la Thonet lilikuwa limepata mrithi wake. Kontena la futi 40 lina nafasi ya mita za ujazo 67 hivi. Kwa hesabu ya 1859, lingebeba namba 14 zaidi ya 2,400.

Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linapoinuka. Mwaka 1960 msanifu majengo Arne Jacobsen alikamilisha hoteli ya SAS Royal mjini Copenhagen, akiwa amechora kila kitu ndani yake, kuanzia jengo hadi vijiko, na kwa ajili yake akabuni viti viwili vinavyojulikana kama Yai na Bata-maji. Je, hoteli hiyo haikununua uzuri? Ilinunua, na ulimwengu bado unausifia. Lakini tazama kilichofuata. Vyumba vilibadilishwa samani, kama vyumba vya hoteli vinavyobadilishwa siku zote, na katika jengo lote ni chumba kimoja tu, namba 606, kilichohifadhiwa kama Jacobsen alivyokiacha. Mikataba mingi ya kuendesha hoteli hutenga asilimia 4 hivi ya mapato kwa kazi ya kubadilisha samani na vifaa. Kitanda kipya kikiingia leo, pesa za kukitoa zimeanza kuwekwa akiba leo. Na Yai lenyewe lilidumu sokoni kwa sababu kiwanda cha Fritz Hansen kiliendelea kulitoa kwa kalibu ileile, mwaka baada ya mwaka. Hata ubingwa ulihitaji namba ndipo uishi.

1979: Moto wa Manchester

Mwezi Mei 1979 duka la Woolworths mjini Manchester liliwaka moto ulioanzia kwenye samani zenye sponji ya plastiki. Watu 10 walikufa. Sponji hiyo, iliyokuwa imefanya makochi kuwa laini na rahisi, hutoa moshi mzito wenye sumu katika muda mfupi sana. Uingereza ilifuatia na kanuni kali za mwaka 1988 juu ya samani za majumbani, na wanunuzi wa samani za hoteli nao wakazidi kudai vyeti vya majaribio ya moto kabla ya kulipa. Uhakika ambao hoteli ilikuwa ikinunua sasa uliongezewa tabaka jingine: sura ileile, na kuungua kwa kasi ileile. Cheti hutolewa kwa aina ya bidhaa, hakitolewi kwa kipaji cha fundi. Anayetengeneza kila kochi kwa sponji iliyopatikana wiki hiyo hana cha kupeleka maabara, hata kama mshono wake ni mzuri kuliko wa kiwanda. Nathubutu kusema kanuni hizi, zilizotungwa kwa nia njema kabisa, zilifunga milango ya hoteli kubwa kwa karakana ndogo zaidi ya ulivyowahi kufanya ushindani wowote wa bei.

Kiti cha plastiki

Henry Massonnet alitoa kiti chake cha plastiki, Fauteuil 300, mwaka 1972 nchini Ufaransa. Plastiki iliyoyeyushwa inasukumwa ndani ya kalibu, na chini ya dakika mbili kiti kizima kinatoka, hakina skrubu, hakina kiungo, hakina kipande cha pili. Kalibu ni ghali mno. Kiti ni karibu bure. Tangu miaka ya 1980 kilienea dunia nzima, na hakuna samani iliyowahi kudharauliwa na kutumiwa kwa wingi kama hiyo. Mji wa Basel ulikipiga marufuku katika maeneo ya wazi ya umma ili kulinda sura ya mji, na mwaka 2017 jumba la makumbusho la Vitra, jirani tu kuvuka mpaka wa Ujerumani, likakiandalia maonyesho. Dharau na heshima zilitenganishwa na mwendo mfupi wa basi.

Afrika Mashariki ilikipokea kwa njia yake. Katika baa na migahawa ya Tanzania, Kenya na Uganda mwenye biashara mara nyingi hanunui kiti. Anakipata kwa kampuni ya soda au bia, kikiwa chekundu au cha manjano, nembo ikiwa imechapwa mgongoni. Kiti kimekuwa bango linalokaliwa. Jioni mhudumu anavipakatisha kumi kumi na kuviburuta ndani, asubuhi anavimwaga uani kwa pigo moja. Mguu ukipasuka, fundi wa mtaa anaushona kwa waya uliochomwa moto, na kovu hilo jeusi la mshazari linajulikana kwa kila aliyewahi kukaa mgahawani. Mwaka 2010 Emeco na Coca-Cola walitoa kiti cha manowari kwa plastiki iliyorejelezwa kutoka chupa 111 kwa kila kiti, bidhaa ya gharama kwa mikahawa ya gharama. Wazo la kampuni ya soda kumkalisha mteja halikuwa geni Manzese ya Dar es Salaam wala Eastleigh ya Nairobi.

Foshan, Keko na Ngong Road

Katikati ya miaka ya 2000 China iliipita Italia na kuwa muuzaji mkubwa wa samani nje kuliko nchi zote. Marekani iliweka ushuru wa kuzuia bei za kutupa kwa samani za mbao za vyumba vya kulala kutoka China mwaka 2005, na oda nyingi zikahamia Vietnam, viwanda vingine vikihama pamoja nazo. Kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Mombasa mahali penyewe ni Lecong, mjini Foshan, ambako maduka ya samani yamepangana kwa kilomita kadhaa. Mwenye hoteli mpya anakwenda na michoro ya vyumba 80 na anarudi na kontena. Viti vya bati vya mtindo wa Pauchard vilivyojaa katika mikahawa mipya ya kahawa ya Nairobi na Dar vingi vimepita njia hiyo.

Serikali zimejibu kwa ushuru. Tangu tarehe 1 Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeziweka samani katika daraja la asilimia 35 la ushuru wa pamoja wa forodha, japo nchi wanachama huomba nafuu mara kwa mara. Wakati huohuo Kenya ilikuwa imesimamisha ukataji miti katika misitu ya umma tangu Februari 2018, zuio lililoondolewa mwaka 2023, kwa hiyo fundi aliyekingwa na ushuru kwa mkono mmoja alinyimwa mbao kwa mkono wa pili.

Wapo wanaosema soko la hoteli linarudi kwa fundi wetu lenyewe, na wanaonyesha hoteli za Mji Mkongwe na Lamu zinazojitangaza kwa vitanda vya besera na milango ya nakshi. Ushahidi huo ni wa kweli, na sitaki kuupunguza. Lakini hizo nyingi ni hoteli za vyumba vichache, ambako kila chumba kuwa tofauti ndiyo bei yake. Hoteli ya vyumba 200 ya Upanga au Westlands haiwezi kufanya kazi hivyo, na ndiko zilipo oda kubwa. Anayepita Keko jijini Dar es Salaam au kandokando ya Ngong Road jijini Nairobi ataona kochi lenye ubora unaotosha hoteli yoyote, limewekwa juani, linasubiri mteja. Akiulizia mengine 60 yaliyo sawa na hilo ataambiwa yanawezekana, na kwa kweli yanawezekana. Ila kipimo kiko kichwani mwa fundi mmoja, na mwaka ujao fundi huyo anaweza kuwa amehamia karakana nyingine.

Pengo hilo halihusu kipaji wala mbao. Linajazwa kwa kalibu chache za pamoja, daftari la vipimo, cheti kimoja cha moto kinacholipiwa na mafundi ishirini, na orodha yenye picha na namba. Vyama vya mafundi vingeanza na kiti kimoja tu, na kiti cha kuanzia kipo: hataza ya namba 14 iliisha mwaka 1869, na hakuna anayehitaji ruhusa ya mtu kuipinda upya.